Mama Selina wa Chokoleti: Maisha ya Fortunata Severine Kessy, 1980–2025

Fortunata Severine Kessy, tunayemlaza leo Alhamisi tarehe 14 Agosti 2025 pembeni ya mume wake, alizaliwa hapa hapa Kibosho siku ya Jumatatu, tarehe 3 Machi 1980. Alikuwa mtoto wa pili kati ya watano wa marehemu mzee Severine Kessy na mama yetu Elieshi, ambaye amekaa kiti cha mbele na ameomba asishikwe mkono, anaweza mwenyewe. Marehemu alibatizwa Pasaka ya mwaka huohuo. Mimi ninayesoma ni Klara, mdogo wake anayemfuata.

Mama anasimulia kwamba Fortunata alipokuwa na miaka minane, siku ya Krismasi, nyama iligawanywa kama ilivyo desturi yetu: kidari kwa mkubwa, mguu kwa fulani, na watoto wa kike wakapewa utumbo na mifupa. Fortunata alizunguka na sufuria kwa watoto wote wa boma, wa kike na wa kiume, akakusanya kila mtu alichopewa, akakata upya vipande vilivyolingana, akagawa. Alichapwa. Jioni alipoulizwa kama amejifunza alijibu, "Ndiyo. Kisu kilikuwa butu."

Alisoma shule ya msingi hapa kijijini kuanzia mwaka 1988 hadi 1994. Somo alilolipenda kuliko yote lilikuwa sayansi kimu. Darasa la sita mwalimu alichora oveni ubaoni, akaeleza milango yake na joto lake, na darasa zima likanakili oveni kwenye madaftari. Hakuna aliyewahi kuiona, hata mwalimu sidhani. Fortunata aliichora kwa rula na kuipaka rangi. Hakuchaguliwa kuendelea na sekondari, na nyumbani hapakuwa na njia nyingine, lakini daftari lile alilitunza. Alikwenda nalo Dar es Salaam mwaka 1997, alipochukuliwa na shangazi yetu wa Magomeni kumsaidia kwenye genge lake.

Mwaka 2001 alipata kazi kwenye duka la Mzee Nurdin, Mtaa wa Mkunguni, Kariakoo, wanapouza vifaa vya keki: unga, rangi za chakula, maboksi, vikombe vya karatasi, na chokoleti ya kupikia ya mabamba makubwa. Alifanya kazi hapo miaka ishirini na minne. Aliwaelekeza wapishi wa keki kutoka mikoa yote, moto wa chini uwe vipi, wa juu uwe vipi, na wengi walirudi kumshukuru. Mzee Nurdin, ambaye ametuma watu wawili kumwakilisha leo, alizoea kumtania mbele ya wateja.

"Fortunata, na oveni yako wewe iko wapi?"

"Iko kwenye daftari, mzee."

Alifunga ndoa na Ansbert Mallya tarehe 11 Januari 2003. Ansbert alikuwa fundi wa giaboksi Gerezani, mtu wa maneno machache na mikono isiyotakata hata kwa sabuni ya unga. Mungu aliwajalia watoto watatu: Selina, mwaka 2004, Beno, mwaka 2008, na wa mwisho mwaka 2013, aliyepewa jina la Sitara na jirani yao Bi Anifa. Bi Anifa ni mama wa Kiislamu kutoka Masasi, muuza chai na chapati, na siku ile ya uchungu ndiye aliyemkimbiza Fortunata hospitali. Yuko nasi hapa leo. Ni mara yake ya kwanza kuona Kibosho na baridi yake, na koti alilojifunika ni la baba mkubwa wa watoto, Eliasi.

Ansbert alifariki tarehe 6 Septemba 2014 baada ya kuugua ini. Alizikwa hapa. Siku ya tatu baada ya mazishi ukoo wa Mallya ulikaa kikao kuhusu watoto. Nayaandika yaliyosemwa kwa sababu nilikuwa nimesimama mlangoni na trei ya vikombe, na kwa sababu maisha yote ya marehemu kuanzia siku ile yalitokana na kikao hicho. Ilisemwa kwamba mjane hawezi kulea watoto watatu mjini peke yake. Selina, miaka kumi, aende kwa shangazi yake Moshi mjini. Beno, miaka sita, aende Arusha kwa baba mdogo wake. Sitara, aliyekuwa bado ananyonya, abaki hapa kwa bibi, mama yake Ansbert, akishaachishwa ziwa. Walioyasema hawakuwa watu wabaya. Ndivyo walivyolelewa wao, na ndivyo walivyojua kusaidia.

Fortunata alisimama, amevaa nguo nyeusi, Sitara mgongoni. Alisema, "Kinachogawanywa ni ng'ombe akishachinjwa. Wanangu hawajachinjwa."

Baba mkubwa Eliasi, kaka yake Ansbert na mkubwa wa ukoo, alimuuliza, "Shemeji, utawalisha nini huko Kariakoo? Makelele?"

"Nitawalisha ninachokula."

Wazee walinong'ona. Mwishoni Eliasi alitoa uamuzi. Alimpa mwaka mmoja na miezi mitatu. Krismasi ya mwaka 2015 awalete wote watatu hapa, wa kusoma wawe wanasoma, mdogo awe na afya. Kikipungua kimoja, watoto wanagawanywa na hakuna kusimama tena.

Alirudi Dar es Salaam akaachia vyumba viwili vya Magomeni, akapanga chumba kimoja Gerezani, kwenye nyumba ya zamani ambayo Bi Anifa naye alikuwa amehamia. Nyumba ile ilikuwa na sheria. Hakuna kuwasha moto chumbani, si mkaa, si gesi, si mafuta ya taa, kwa sababu dari ni la mbao na liliwahi kuungua. Jiko ni la uani kwa zamu, wapangaji saba. Zamu ya Fortunata ilikuwa saa kumi alasiri, wakati yeye hatoki dukani mpaka saa kumi na mbili.

Mwezi wa nne mwaka 2015 Sitara alitimiza miaka miwili na akaona keki ya mtoto wa jirani. Aliitaka kwa kulia siku tatu. Fortunata hakuwa na oveni, hakuwa na zamu, hakuwa na ruhusa ya moto. Dukani palikuwa na maboksi ya konfleksi yaliyobondeka njiani, ambayo Mzee Nurdin alimwambia achukue tu, na kulikuwa na vipande vya chokoleti vilivyovunjika. Asubuhi alimwomba Bi Anifa maji ya moto kutoka kwenye moto wake wa chai, akayajaza kwenye chupa ya chai. Jioni yalikuwa bado yanaunguza. Aliyamimina kwenye sufuria, juu yake akaegesha bakuli la bati lenye chokoleti na siagi, akasubiri. Chokoleti ikalegea. Akaimimina juu ya konfleksi, akachanganya, akashindilia kwenye trei, na Bi Anifa akaiingiza kwenye friji lake la barafu. Baada ya saa moja ilikuwa imeganda, inakatika kwa kisu kama kashata. Alichomeka mshumaa katikati.

Watoto wa nyumba nzima waliimaliza. Kesho yake mama mmoja aligonga mlango akitaka kujua ile kitu inaitwaje na kama anauza.

Hivyo ndivyo alivyoanza. Msibani watu wengi wameniuliza marehemu alikuwa anafanyaje, na yeye hakuwahi kumficha mtu, kwa hiyo naandika. Konfleksi vikombe vinne, zivunjwe kidogo kwa mkono lakini zisiwe unga. Chokoleti ya kupikia kipande cha kujaa kiganja, ikatwekatwe. Siagi vijiko viwili vya mezani, asali kijiko kimoja. Maji ya moto yawe chini ya bakuli, yasiliguse. Ikishalegea iondolewe, isipashwe zaidi. Ichanganywe haraka, ishindiliwe na mgongo wa kijiko uliopakwa siagi. Ikae kwenye baridi saa moja. Kisu kichovywe kwenye maji ya moto na kufutwa kikauke kabisa kabla ya kukata. Hilo la kukauka alilirudia kila mara, na sababu yake ni hii.

Tarehe 21 Novemba 2015, siku ya Jumamosi, alikuwa ameomba ruhusa dukani kwa ajili ya oda yake kubwa ya kwanza. Ilikuwa ya sherehe ya komunyo ya kwanza Magomeni, watoto arobaini, itakayofanyika Jumapili. Mimi nilikuwepo kumsaidia. Saa sita mchana yule mama wa oda alipiga simu: watoto wamefika sitini, wajomba wamekuja na wa kwao. Chokoleti iliyokuwa bakulini ilikuwa ya arobaini, na ya dukani ilikuwa imekwisha mpaka mzigo wa Jumatatu. Dada yangu alifanya ambacho kila mwanamke wa kwetu angefanya. Mgeni akiongezeka, mchuzi unaongezwa maji. Akamimina kikombe cha maji kwenye chokoleti.

Iliganda palepale. Ikawa madonge, ikawa kama mchanga uliokorogwa na saruji. Mwiko ulisimama wenyewe.

Bi Anifa alichungulia mlangoni. "Mama Selina, hii ni chokoleti au zege?"

"Nyamaza, Anifa."

"Mimi nauliza tu, shoga. Kama ni zege tuwahi kumwaga sakafu."

Ni wakati huohuo baba mkubwa Eliasi alipotokea uani, akaja hadi mlangoni. Alikuwa amekuja Dar kununua vipuri vya gari lake pale Gerezani, na hakuwa amesema kama anakuja. Ilikuwa imebaki kama mwezi mmoja kufika Krismasi. Nilimwona akiangalia kila kitu: kitanda kimoja, godoro limesimamishwa ukutani, sare za shule kwenye kamba, watoto watatu wamepakaa chokoleti mpaka masikioni, na bakuli la zege.

"Shikamoo baba mkubwa," watoto walisema.

"Marahaba. Shemeji, ndiyo hii inayowasomesha?"

Fortunata hakujitetea. Alisema, "Ndiyo hii. Imeharibika. Karibu ukae, halafu shika mwiko, maana mimi mkono umechoka."

Mkubwa wa ukoo alikaa juu ya ndoo iliyogeuzwa, na koti lake la safari, akashika mwiko. Fortunata alikuwa ameshaamua. Kama imekataa maji kidogo, ataona kama itakubali maziwa mengi. Alimtuma Selina akalete maziwa ya moto kutoka kwa Bi Anifa, akamwambia ayamimine taratibu, kijiko baada ya kijiko, huku baba mkubwa akikoroga bila kusimama. Beno alikumbatia bakuli lisizunguke. Sitara alipanga vikombe vya karatasi kwenye trei, kimoja kimoja, na kila alipokosea Eliasi alimwambia, "Rudi, umeruka."

"Koroga, shemeji, usiangalie vikombe," dada alisema.

"Nakoroga! Hii kitu ina nguvu kuliko pombe ya mbege."

"Mbege unakoroga mwenyewe lini? Si wanakoroga wake zenu?"

Bi Anifa alicheka mpaka akashika ukuta.

Kama robo saa hivi, madonge yalianza kuachia. Chokoleti ikalainika, ikang'aa, lakini ikawa nyepesi kama uji mzito. Isingeganda tena kukatwa vipande. Konfleksi nazo zilikuwa hazitoshi watoto sitini, kwa hiyo Bi Anifa alikaanga bisi kwenye jiko lake la chai, wakachanganya. Badala ya kukata, walichota kwa kijiko wakajaza vikombe vya karatasi. Vilifika sitini na tatu. Jumapili watoto wa komunyo walikula kwa vijiko vidogo, na mama wa oda aliuliza kama hiyo ni aina mpya.

Eliasi aliondoka jioni ile na kikombe kimoja mkononi. Mlangoni dada alimuuliza, "Sasa Krismasi?"

"Mje."

"Wote?"

"Nimesema mje, shemeji."

Walikuja wote watatu. Selina alikuwa wa tano darasani, Beno anasoma bila kufuatisha kidole, Sitara mnene. Marehemu alileta na trei. Baada ya nyama kugawanywa kwa desturi yake, alifungua trei akakata vipande vya kulingana, akapitisha kwa wote kuanzia bibi mpaka watoto. Eliasi alikitazama chake. "Na kipande cha mkubwa kiko wapi?"

"Shemeji, hii haina kidari."

Wazee walicheka, na yeye akala alichopewa. Kikao cha watoto hakikuitishwa mwaka ule wala uliofuata. Lakini marehemu hakusahau kwamba hakuna aliyesema neno la mwisho. Kila Krismasi kwa miaka kumi, hadi iliyopita, alileta watoto watatu na trei moja, na kila mara nilimwona akishuka kwenye basi anawagusa vichwa mmoja mmoja kabla ya kugusa mizigo.

Kazi ile ilikua. Alitengeneza kwa ajili ya komunyo na kipaimara, Idi na mahafali, na kila Ijumaa kwa akina mama wawili wanaouza kwenye kantini za shule. Alijua chokoleti gani inavumilia joto la Dar na ipi inageuka mchuzi kabla ya kufika Magomeni. Mwezi wa pili, wenye jua kali, hakukubali oda za kusafirishwa mchana. Hakuacha kazi dukani. Alianza saa kumi na moja alfajiri kabla watoto hawajaenda shule, na kila mtoto alikuwa na kazi yake, Selina kupima, Beno kushindilia, Sitara kupanga vikombe. Watu walimwambia aajiri msichana. Alijibu, "Wangu wananitosha. Ukimtoa mmoja, trei haijai."

Alikuwa na ukaidi wake pia, na wasifu usioutaja hautakuwa wake. Mvua za mwaka 2018 zilipojaza Jangwani na barabara ya Magomeni ikafungwa, Sitara alikuwa kwangu Magomeni, wale wawili wako naye Gerezani. Nilimpigia simu nikamwambia mtoto amekula, atalala, tulia. Hakutulia. Aliwachukua Selina na Beno wakazungukia Daraja la Salenda na Kinondoni kwa miguu, wakafika kwangu saa moja kasoro, viatu mkononi. Nilimgombeza. Alisema, "Nilisema mbele ya ukoo kwamba watakuwa pamoja. Sikusema isipokuwa siku za mvua." Walilala wote wanne kwenye mkeka wangu.

Selina alimaliza kidato cha nne mwaka 2021, akasomea upishi na mapambo ya keki kwa mwaka mmoja. Wiki aliyopata cheti, marehemu alitoa lile daftari la sayansi kimu akampa. Januari mwaka huu Selina alipotumia akiba yake kununua oveni ndogo ya umeme, mama yake aliizunguka mara mbili, akaufungua mlango na kuufunga. "Ndiyo yenyewe," alisema. "Mwalimu alikosea bawaba tu." Kisha akarudi kwenye bakuli lake na maji ya moto.

Ugonjwa ulianza kujionyesha Novemba mwaka jana. Miguu ilivimba na alikosa pumzi akipanda ngazi za nyumba yao. Hospitali walisema moyo umetanuka. Alipewa dawa akazimeza kwa saa zake bila kukosa, akapunguza chumvi, akaanza kutengeneza trei akiwa amekaa. Mwezi wa pili aliniita tukae sisi wawili. Nilidhani anataka kuniambia ameogopa. Aliniambia, "Klara, tafuta vyumba karibu na kwako. Nataka wahame nikiwa hai, ili nikifa wasiwe watu wa kuhamishwa."

Nilizunguka Magomeni wiki tatu. Tarehe mosi Machi walihamia, vyumba viwili ukuta kwa ukuta na mimi, wanatumia uani wangu, jiko langu, bomba langu. Marehemu aliona watoto wake wanalala hapo kwa miezi mitano. Selina alishika nafasi ya mama yake dukani kwa Mzee Nurdin mwezi wa tano, mama alipokuwa hawezi tena kusimama.

Alilazwa tarehe 28 Julai. Wauguzi walimhudumia vizuri na tunawashukuru. Ijumaa jioni, tarehe 8 Agosti, nilimkuta macho yake yako mlangoni. Hakuuliza dawa wala daktari.

"Wamekula?"

"Wamekula, dada."

"Wote watatu?"

"Wote watatu. Sahani moja. Sitara amemaliza maharage ya Beno wakagombana."

Alitabasamu kwa ugomvi ule kuliko kwa jambo lolote nililomwambia mwezi mzima. Jumamosi tarehe 9 Agosti, saa nne asubuhi, alituacha, akiwa na umri wa miaka arobaini na mitano.

Sasa nafika mahali ambapo wasifu kwa kawaida hautaji mambo ya mbele. Kikao cha ukoo kimepangwa kesho Ijumaa saa nne. Kuna waliokwishasema, msibani Magomeni na ndani ya basi, kwamba Beno sasa ni mkubwa aende Arusha, na Sitara ana miaka kumi na miwili atamfaa bibi yake. Wameyasema kwa upendo. Sisi wa upande wa marehemu hatuna kauli kwenye kikao hicho, na mimi niliishia darasa la saba, sijui kusema mbele ya wazee. Lakini wasifu huu unasomwa mbele ya kila mtu, na maneno haya si yangu. Marehemu alisema mbele ya ukoo huu mwaka 2014 kwamba watoto wake hawagawanywi. Aliwekewa sharti, akalitimiza Krismasi ya kwanza na nyingine tisa baada ya hapo. Hakuna mwaka alioleta wawili.

Selina ana miaka ishirini na mmoja, ana kazi na ana oveni. Beno yuko kidato cha tatu, amebakiza mwaka mmoja kumaliza. Sitara yuko darasa la sita. Wana vyumba ambavyo mama yao aliwatafutia akiwa hai. Mimi mama yao mdogo niko upande wa pili wa ukuta, na usingizi wangu ni mwepesi, kila mtu anayenijua atathibitisha. Mtoto akikohoa nitasikia.

Jana jioni watoto walitengeneza trei kwenye stoo ya bibi yao, tatu kubwa, za kuwatosha wote mliokuja. Selina alipima, Beno alishindilia, Sitara alipanga karatasi. Hawakuhitaji friji, baridi ya Agosti ya hapa ilitosha. Baba mkubwa Eliasi aliingia wakati wanachanganya. Alisimama muda mrefu, mikono nyuma. Kisha akatafuta ndoo, akaigeuza, akakaa, akanyoosha mkono apewe mwiko. Ya moyoni mwake sitamsemea.

Baada ya mazishi kila mmoja atapewa kipande chake. Vyote vimekatwa sawa, hakuna kidari. Kwenye kona ya trei ya tatu mtaona kipande kimoja kikubwa. Hicho ni cha watoto wake watatu, na hawakutaka kikatwe.

Marehemu ameacha mama yake mzazi, Elieshi, ndugu wanne, mama mkwe, shemeji na mawifi, rafiki yake wa chumba cha pili kwa miaka kumi, Bi Anifa, na watoto watatu, Selina, Beno na Sitara, wote wa anwani moja, Magomeni.

Bwana ampokee na kumpumzisha kwa amani. Wamekula, dada. Wote watatu.